Wilaya Isiyo na Mbwa Mwitu

Choijil alikuwa askari wa wanyamapori, na kwa kusoma nyayo hakuwa na mfano upande ule wote wa milima ya Altai. Hilo hakulisema yeye. Walilisema watu, naye alikuwa na adabu ya kutowabishia. Mwonyeshe alama ya ukucha kwenye barafu na tonge la mavi yaliyokauka, atakuambia ni mnyama gani, dume au jike, ameshiba au ana njaa, na kama alipita kabla ya upepo kugeuka au baada yake. Wachungaji walimwita kutoka mabonde ya mbali, wakamchinjia kondoo, wakamsikiliza huku wakitafuna taratibu ili lisiwapite neno.

Alikuwa na elimu nyingine ambayo hakuna aliyemsifia kwayo. Alijua kumsoma mkuu wa wilaya. Mheshimiwa Dashnyam akigonga meza kwa kidole cha kati, kuna mtu atahamishwa. Akivuta kola ya koti lake, maana yake jambo hilo lisisemwe. Na tangu vuli, mbwa mwitu wakitajwa ofisini, alikuwa akigeuka kutazama dirishani kama mtu aliyesikia mgeni wa heshima akijamba.

Chanzo kilikuwa nishani. Mkoa ulikuwa umeahidi nishani kwa wilaya itakayokuwa ya kwanza kuwamaliza mbwa mwitu. Dashnyam akakusanya wawindaji, pikipiki, bunduki na mitungi ya pombe ya maziwa, wakazunguka milimani wakipiga risasi na kuimba. Mbwa mwitu si wajinga. Waliposikia zile nyimbo walivuka mgongo wa mlima wakaenda kukaa wilaya ya jirani mpaka kelele ziishe. Choijil akatumwa kukagua. Alikagua, hakuona nyayo mpya, akaandika kwamba hakuona nyayo mpya. Mpaka hapo hakuwa amesema uongo. Nishani ikaja, ikavalishwa, picha zikapigwa, na pale barabara inapoingia mjini pakasimikwa bango la buluu lenye maandishi makubwa: KARIBU KATIKA WILAYA ISIYO NA MBWA MWITU.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, wenyewe wakarudi. Bango hawakulisoma.

Wa kwanza kupata ugeni alikuwa Pagma, mama mkwe wa Choijil. Alikuwa mjane aliyekaa kwenye hema lake la duara chini ya mwamba mweusi, na mbuzi wake wa sufu, mbwa mmoja mzee asiyesikia, na ulimi ambao majirani walisema unaweza kunyoa kondoo. Alimpigia simu binti yake, Norjin.

"Mwambie mumeo aje," alisema. "Na aje na macho yake."

Choijil alifika asubuhi hiyo hiyo. Mbuzi mmoja alikuwa amelala mlangoni mwa zizi, wengine wametapakaa mteremkoni. Mapaja yao yalikuwa yamechanwa kwa nyuma, matumbo yamefunguliwa, utumbo umeliwa, na mfupa mmoja wa paja umevunjwa kama kijiti cha kuwashia moto. Nyayo zilikuwa ndefu, kucha zikionekana mbele, nazo zilikanyagana moja juu ya nyingine hata kundi zima likaonekana kama mnyama mmoja, mpaka penye kona ya mwamba, walipotawanyika kila mmoja na kazi yake. Mmoja wao, jike, alikuwa akiuonea huruma mguu wa mbele wa kushoto. Choijil alisoma yote hayo kwa raha, kama mtu anayesoma barua ya rafiki, akasahau kabisa ameajiriwa na nani. Kisha akakumbuka.

Pagma alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ndani ya mikono ya koti.

"Haya. Ni yule?"

Kwa wachungaji wa huko jina halitajwi, kwa sababu ukimtaja umemwita.

"Yule nani, mama?"

"Usinifanyie mzaha asubuhi, Choijil. Yule mbwa wa mbinguni."

Choijil akachutama. Akageuza kichwa cha mbuzi huku, akakigeuza kule. Akilini mwake alimwona Dashnyam akitazama dirishani.

"Mama," alisema, "hawa walikufa kwanza."

"Kwanza kabla ya nini?"

"Kabla ya kuliwa. Baridi ya juzi haikuwa ya kawaida. Mbuzi akipigwa na baridi ya ghafla, damu huwa nzito, moyo ukashindwa kuisukuma, ukasimama. Wamekufa kwa moyo. Halafu mbweha wakaja, wakajilia."

Pagma akawatazama mbuzi wake. Akamtazama mkwe wake.

"Mbweha."

"Na tumbusi."

"Huyo mbweha ana mguu mkubwa kuliko bakuli langu la chai."

"Jua likipiga theluji, alama hupanuka."

"Jua lipi? Wewe tangu uamke umeliona jua?"

Choijil akatazama juu, kwenye wingu zito la rangi ya risasi, akashusha macho.

"Na mbuzi akifa kwa moyo," Pagma aliendelea, "huwa anakimbia kwanza mpaka kule bondeni huku anamwaga damu?"

"Mwingine hukimbia."

"Mimi binti yangu nilimpa mtu mwenye macho. Sijui mmekutana wapi na huyo aliyekubadilishia hayo."

Aliingia hemani, akammiminia chai nyeusi isiyo na maziwa wala chumvi, akaisukuma mbele yake kwa mkono wa kushoto. Choijil akainywa yote. Alipomaliza, alimshauri awachome moto mbuzi wale, kwa kuwa ugonjwa ni ugonjwa.

"Sichomi," alisema Pagma. "Nitawapanga nyuma ya hema. Baridi ipo ya kutosha. Wakioza nitaamini."

Ofisini, Dashnyam alisikia habari ile kwa utulivu uliozidi kuwa mtamu.

"Moyo," alisema, akilizungusha neno mdomoni kama pipi. "Choijil, hii ni sayansi."

"Ni makisio tu, Mheshimiwa."

"Sayansi yote huanza na makisio. Andika."

Uongo wa Choijil ulikuwa mdogo, wa kifamilia, uliokusudiwa kuishia palepale nyuma ya zizi la mama mkwe. Dashnyam aliuchukua akaulea mpaka ukaota ndevu. Kondoo akiraruliwa bonde la kaskazini, Choijil hutumwa, na hurudi na moyo. Ndama akikutwa nusu, moyo. Ngamia mchanga akikutwa kichwa na kwato, moyo uliokithiri. Amri ikatoka kwamba mizoga yote ichomwe, na watu wakachoma, maana anayechoma hana kesi.

Wachungaji hawakubisha. Walifanya jambo baya zaidi kuliko kubisha: walikubali. Kwa kuwa jina la kale halitajwi, hili jipya liliwafaa sana. Mtu akiingia dukani na theluji mabegani aliulizwa njia ikoje, naye akajibu: "Njia shwari, ila kuna moyo mmoja wa kijivu ulinifuata toka kisimani mpaka darajani." Wazazi waliwaonya watoto wasiende mbali, moyo utawakamata. Mwindaji mmoja aliapa aliulenga moyo akiwa juu ya farasi, akaukosa kwa kidogo, na moyo ukageuka ukamtazama.

Choijil alicheka nao mara ya kwanza. Baadaye akawa anaingia dukani watu wanapotoka.

"Mama amepoteza mwingine," mkewe alimwambia siku moja, akikanda unga bila kuinua uso. "Ni moyo tena, au safari hii ni ini?"

"Norjin, unajua kazi yangu ilivyo."

"Naijua. Ndiyo maana nauliza na ini."

Kisha moyo ukafika kwa Dashnyam mwenyewe.

Alikuwa na farasi wa mbio, mwekundu, mwenye shingo ya kujivuna, aliyeshinda kiangazi kilichopita mbele ya wageni kutoka mji mkuu. Asubuhi moja alikutwa malishoni amelala ubavu. Mishipa ya miguu ya nyuma ilikuwa imekatwa kwa meno, matako yameng'atwa mara nyingi kwa pupa, tumbo liko wazi. Theluji yote kuzunguka pale ilikuwa imevurugwa kama uwanja wa mieleka. Hata mtu aliyezaliwa mjini na kufika pale kwa bahati mbaya angejua.

Dashnyam alisimama juu yake, kofia mkononi, macho mekundu.

"Sema," alimwambia Choijil kwa sauti ya chini.

Choijil aliona ndani ya sauti ile kitu ambacho hakuwahi kukisikia, akadhani mwisho umefika, na kifua chake kikawa chepesi ghafla.

"Mheshimiwa, hawa walikuwa..."

Mkono wa Dashnyam ukapanda polepole ukashika kola.

"...walikuwa wakimpenda sana, hawa watu wote," Choijil akamalizia kwa shida. "Dalili zote ni za moyo."

"Nilijua," alisema Dashnyam, na machozi yakamtoka kweli. "Alikuwa na moyo mkubwa sana yule."

Akazikwa kwa hotuba.

Taarifa hizo zote zilikuwa zikisafiri. Zilitoka wilayani zikaenda mkoani, zikatoka mkoani zikafika mji mkuu, mezani kwa ofisa ambaye hakujua lolote kuhusu nishani. Alisoma kwamba katika wilaya moja tu ya mlimani, mbuzi, kondoo, ngamia na farasi wanakufa kwa ugonjwa wa moyo unaopasua matumbo. Akaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Jioni hiyohiyo ikatangazwa karantini.

Polisi waliweka kizuizi chao palepale chini ya bango la buluu, kwa kuwa nguzo zake zilifaa kufungia kamba. Nyama haikutoka, sufu haikutoka, mfanyabiashara hakuingia. Na Mwezi Mweupe, mwaka mpya wenyewe, ulikuwa mlangoni. Wanawake walikuwa wamekwisha kufinyanga maandazi ya nyama kwa mamia na kuyagandisha nje kwa ajili ya wageni. Sasa hakukuwa na mgeni. Wajomba walizuiwa barabarani na zawadi zao mapajani. Watu waliacha kutania kuhusu moyo. Walianza kutaja jina la Choijil kwa ukamilifu wake, pamoja na la baba yake, na huko kutajwa hivyo si dalili njema.

Dashnyam alimwita.

"Huu moyo wako umetufikisha pabaya."

"Moyo wangu, Mheshimiwa?"

"Si wewe uliyeugundua?"

Aliyetumwa na mji mkuu alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke aitwaye Solongo, mfupi, mwenye mashavu yaliyobabuka kwa baridi na vipande vya jibini kavu mfukoni ambavyo alivimung'unya wakati wote kama mtu asiye na haraka ya kujibu. Aliomba kuona mizoga. Akaambiwa mizoga imechomwa kwa amri. Akauliza amri ya nani. Dashnyam akavuta kola ya koti lake.

"Mingine ipo," alisema Norjin, aliyekuwa amekuja ofisini kumletea mumewe chakula. "Kwa mama."

Ndivyo wilaya nzima ilivyojikuta kwa Pagma. Nyuma ya hema lake mbuzi walikuwepo, wamepangwa kama kuni, wameganda, wala hawakuoza. Hawakuwa wa kwake tu. Jirani aliyeogopa kuweka na hakutaka kuchoma alimletea yeye, naye alipokea bila kuuliza, akiwafunika kwa turubai na kuweka mawe juu.

Daktari aliagiza baadhi waingizwe hemani karibu na jiko walainike, na kesho yake wakalazwa kwenye turubai nje, watu wamezunguka. Alichuna ngozi ya paja la mbuzi wa kwanza. Chini yake nyama ilikuwa nyeusi, damu imeganda kama jamu.

"Mfu havilii damu," alisema. "Aking'atwa akiwa amekufa, hapa pangekuwa peupe. Huyu aling'atwa akikimbia." Akafungua kifua, akautoa moyo, akaupima kiganjani, akaugeuza. "Na huu ni mzima kuliko wangu."

Watu wakanong'ona. Dashnyam akasogea mbele, nishani imening'inia juu ya koti.

"Daktari, kuna magonjwa ya moyo yasiyoonekana kwa macho."

"Kweli kabisa, Mheshimiwa," alijibu Solongo, akitia jibini mdomoni. "Ndiyo maana karantini lazima iendelee mpaka tuuone. Nadhani mpaka kiangazi. Labda na hicho kipite."

Mnong'ono ukageuka mngurumo. Choijil alikuwa amejificha nyuma ya mabega ya watu, akiomba asiulizwe, na hakuulizwa. Daktari alikuwa amefika kwa kondoo dume mmoja mkubwa. Alilitupia jicho mara moja koo lake lenye matundu, akafuta kisu kwenye theluji.

"Na huyu ni vilevile. Kama kuna mnyama yeyote hapa, basi ni mbwa mwitu, kama hao wenzake. Tuendelee."

"Hapana."

Watu wote waligeuka. Choijil naye aligeuka kutazama ni nani aliyesema, kisha akagundua mdomo ulio wazi ni wake.

Kama angeulizwa kuhusu haki, au ukweli, au mbuzi wa mama mkwe, angenyamaza mpaka theluji iyeyuke. Lakini kusikia koo lile likisomwa vibaya mbele za watu, hilo lilimzidi. Alipita katikati yao akapiga magoti penye turubai.

"Huyo si mbwa mwitu. Mtazame. Mapaja mazima. Tumbo zima vilevile. Matundu yako kooni, mawili juu na mawili chini, ameshika mara moja, hakurudia, amebana hapohapo mpaka pumzi ikaisha. Na hapa begani, mikwaruzo. Mbwa mwitu kucha zake ni za kutembelea, hazishiki kitu. Huyu anayeshika kwa kucha ni chui wa theluji. Ameanza kula kifuani, bila haraka, kama mwenye nyumba. Na zizini hakuingia kwa mlango. Aliingia kwa juu."

"Kwa juu, naam," alisema mzee mmoja mwenye kondoo yule. "Paa lilikuwa limetoboka. Tulimkuta amelala pembeni, ameshiba, hataki hata kusogea. Tukamfungulia mlango, akatoka akipiga miayo."

"Mbona hukusema?" daktari akamuuliza.

"Nilisema. Nikaambiwa ni moyo."

Choijil hakusikia. Alikwisha kuhamia kwa mwingine. "Huyu ameng'atwa masikio, pua, mgongo, kila mahali, na hakuliwa hata kipande. Anayeua bila kula ana bakuli lake nyumbani. Hawa ni mbwa wa mjini, waliotoka kutembea." Watu kadhaa walimtazama dereva wa Dashnyam, ambaye alianza kukagua viatu vyake. "Na huyu," Choijil akavuta ngozi, "ndani ni mweupe. Hana damu. Huyu kweli ameliwa na mbweha baada ya kufa."

"Kafa kwa nini?" Solongo aliuliza.

Choijil akaiachia ngozi.

"Pengine... moyo."

Hapo walicheka wote, hata polisi, cheko la watu waliokosa wageni wa mwaka mpya na hawakuwa wamecheka kwa muda mrefu. Choijil aliwaacha wamalize. Kisha akaenda kwa mbuzi wa mama mkwe wake, na hao aliwasoma kwa sauti nyingine, ya chini, bila kumtazama mtu. Alieleza wapi kundi lililala kulitazama zizi. Nani alizunguka kwa juu ili harufu isimtangulie. Jike gani alikuwa akichechemea, na kwa nini ndiye aliyesubiri bondeni badala ya kukimbiza. Alieleza mbuzi alifika wapi kabla ya kuanguka mara ya kwanza. Pagma alisikiliza akitikisa kichwa taratibu kila mahali, kwa sababu hayo yote aliyajua. Alichotaka ni kuyasikia yakitoka pale yalipopaswa kutoka.

Alipomaliza, alijifuta mikono kwenye theluji.

"Lile koo nilijua ni la chui," Daktari Solongo alimwambia, akikunja kisu. "Baba yangu alifuga chini ya miamba kama hii. Nilitaka kusikia kama wewe bado unajua."

Hapo ndipo Choijil alipokumbuka kumtazama Dashnyam. Alimsoma kwa hofu kuanzia kofia hadi viatu. Mkono haukuwa kwenye kola. Palikuwa nje, hapakuwa na dirisha la kutazama wala meza ya kugonga. Dashnyam alikuwa anafikiri, na kwa vile halikuwa jambo la kila siku, Choijil hakuwa na alama za kulifuata.

"Choijil," hatimaye alisema. "Hao unaowasema. Walitokea upande gani?"

"Magharibi, Mheshimiwa. Walishuka kutoka mgongo wa mlima."

"Magharibi." Uso wa Dashnyam ukafunguka kama mlango wa hema wakati wa masika. Akageukia umati, akapanda juu ya jiwe. "Ndugu wananchi, mmemsikia mtaalamu wetu. Wametoka magharibi. Magharibi ni wapi? Ni wilaya ya jirani. Kwa hiyo msimamo wa ofisi yangu haujabadilika hata unywele: wilaya hii haina mbwa mwitu. Wilaya hii inavamiwa na mbwa mwitu wa watu wengine. Nimelishuku jambo hili muda mrefu, ndiyo maana nikamwomba daktari aje."

"Uliniomba?" Solongo aliuliza.

"Kwa njia ya karantini," alisema Dashnyam.

Daktari alitafuna jibini lake, akawatazama wale wanawake wenye maandazi yaliyoganda na wazee waliokosa kuona wajukuu. Akapima. Kisha akasema kwamba yeye alikuja kutafuta ugonjwa, ugonjwa haupo, na mpaka wa wilaya haumhusu. Kizuizi kiliondolewa siku ileile, na wajomba wakaingia kwa honi. Dashnyam alipewa barua ya pongezi kwa kuzuia taharuki. Bangoni, chini ya yale maandishi makubwa, fundi aliongeza kwa herufi ndogo: WAKE YENYEWE.

Pagma alipata mbwa wawili vijana wenye masikio mazuri, zawadi ya mzee wa kondoo dume. Mkwe wake alipokwenda kumsalimu mwaka mpya, na kumshika viwiko kwa heshima kama mdogo anavyomshika mkubwa, alimwambia neno moja tu.

"Umechelewa."

"Najua, mama."

"Kaa ule."

Mambo hayakuishia hapo, kwa sababu wilaya ya magharibi nayo ilikuwa na mkuu wake, naye pia alikuwa ameitamani nishani ile. Aliposikia anatuhumiwa kupeleka mbwa mwitu kwa majirani, alichafuka roho, akamtuma askari wake mlimani alete uthibitisho. Dashnyam akamtuma Choijil kwa kazi hiyohiyo. Hivyo, siku moja yenye jua kali na upepo kidogo, watu wawili walikutana juu ya mgongo wa mlima, wote wamevaa makoti ya serikali, wote wameacha pikipiki chini na kupanda kwa miguu.

Yule wa magharibi aliitwa Yadam, mtu mzima mwenye masharubu yaliyoganda. Walibadilishana chupa za ugoro, kila mmoja akavuta kidogo kutoka kwa mwenziwe, akasifu. Waliulizana mifugo imelalaje, majira ya baridi yanapitaje. Kisha wakakaa juu ya jiwe, Yadam akatoa nyama baridi, Choijil akatoa maandazi ya Norjin.

"Mkuu wangu amesema nisirudi bila kuthibitisha kwamba ni wa kwenu," alisema Yadam.

"Wangu amesema nisirudi bila kuthibitisha kwamba ni wa kwenu."

Walitazama theluji miguuni pao. Nyayo zilikuwepo, za juzi na za leo, ndefu, zikikanyagana vizuri. Zilitoka mashariki zikaenda magharibi, zikatoka magharibi zikaja mashariki, na mahali pengi zilikwenda juu ya mgongo wenyewe kwa mwendo mrefu, mguu mmoja wilaya hii, mguu mmoja wilaya ile. Penye rundo la mawe ya mpaka, mmoja alikuwa amekojoa.

"Kazi safi," alisema Yadam, kwa sauti ya fundi anayetazama kazi ya fundi.

"Safi sana."

"Wewe utaandika nini?"

Choijil alitafuna, akameza, akafikiri. "Nitaandika nilichokiona. Wanakuja, wanaenda. Wanaishi hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa mlimani."

Yadam alikubali kwa kichwa. Alikunja masharubu yake, yakapukutisha barafu.

"Una watoto?"

"Ninao."

"Na bado utaandika hivyo?"

"Nina mama mkwe vilevile."

Yadam alicheka mpaka akapaliwa. Alipotulia alijifuta macho, akatoa kalamu, akaipulizia ili wino ulainike.

"Basi tufanye hivi," alisema. "Wewe andika, una mwandiko mzuri, nimesikia. Ukimaliza nami ninakili neno kwa neno. Pale ulipoandika mashariki nitaweka magharibi, na penye magharibi, mashariki. Nyayo zinakubali yote mawili."

Choijil aliitafakari hoja hiyo, akiitafuta kasoro. Kisha akavua glavu, akaanza kuandika.